Mrina Asali Hayumo

Dirisha la maombi linafungwa leo, saa sita usiku.
Nyamizi amekaa mbele ya kompyuta yangu ya pili,
ile ambayo herufi A imefutika kwa vidole vya watu.
Baba yake nimempa stuli; kaweka begi juu yake,
yeye kasimama.
Ndani ya begi kuna kitenge,
ndani ya kitenge mfuko wa sukari,
ndani ya mfuko vyeti,
utadhani karatasi nazo husikia baridi.
Wametoka Ipole alfajiri.
Wamekuja Sikonge kuomba mkopo
kwa bodaboda ya mkopo.

*Kazi ya mzazi*, fomu inauliza.
"Mrina asali," anajibu Mzee Kapalala
upesi, kama mtu aliyelingoja swali hilo tangu ujana.
Nashuka kwenye orodha: mkulima, mfugaji,
mvuvi, mfanyabiashara, mtumishi.
Napanda. Nashuka tena.
Mrina asali hayumo.
"Nitaweka Mengineyo."
"Mengineyo," anarudia polepole,
kama jina la kijiji asichowahi kufika
ila husikia ana ndugu huko.

*Elimu ya mzazi.* Nyamizi anakohoa.
Simsubiri. Nabonyeza mwenyewe, napita,
kama unavyopita haraka penye mtu anayeoga.

Halafu herufi. Siku zote ni herufi.
Cheti cha kuzaliwa: Kaparara.
Cheti cha kidato cha nne: Kapalala.
Karani fulani, mwaka fulani, aliandika alichosikia,
na sasa mtoto ana baba wawili
na mfumo haumtaki hata mmoja.
Kiapo kwa wakili, elfu kumi na tano.
Ada ya maombi, elfu thelathini.
Picha zenye bluu nyuma, elfu tatu.
Yangu mimi, tutaongea.
Mzee anahesabu madumu kwa midomo.
Namwona analifikia la tatu,
ambalo bado liko juu ya mti, na wenyewe wamo ndani.

Mimi fomu yangu ilirudi.
Mdhamini hakusaini ukurasa wa tano.
Nyumbani kwetu hakuna aliyejua kuna ukurasa wa tano.
Mama aliiweka chini ya godoro miaka sita,
akisema huenda watabadili mawazo.
Kwa hiyo siku hizi, akija mtu,
naanzia ukurasa wa tano.

Dole gumba la mdhamini, basi.
Limevimba. Juzi usiku nyuki walimshinda.
Alama inatoka kama tope lililokanyagwa na ng'ombe.
Nachana fomu, nachapa nyingine; ya pili nayo vile vile.
Nanunua barafu ya mia mbili kwa muuza juisi,
mzee anaifumbata.
Saa tisa umeme unakatika.

"Hiyo anayoifuata," ananiuliza ndani ya kiza, "inaitwaje?"
"Shahada, mzee."
Anacheka puani. "Shahada naijua moja.
Ile haina ada."
Nyamizi naye anacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi,
na maji ya barafu yanadondoka sakafuni, to, to.
"Na hii yenu, inashuhudia nini?"
Nafungua droo. Natafuta kidau cha wino
ambacho kiko mezani.

Saa kumi na mbili jioni, umeme.
Dole limenywea. Analikandamiza, analiinua:
mistari imetoka yote, duara ndani ya duara,
kama gogo la mninga likikatwa.
Nachanganua. Napakia.
Asilimia arobaini. Sitini na mbili.
Sitini na mbili.
Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka.
Nyamizi amefumba macho.
Mzee anasogea mpaka paji lake linakaribia kioo,
anakunja midomo, anapuliza,
taratibu, pembeni kidogo,
kama apulizavyo moshi mdomoni mwa mzinga
ili waliomo ndani
wasiamke na hasira.