Kadi ya Bombo

Shangazi Mwantumu aliificha kwenye bati la biskuti
chini ya vifungo na nyuzi zilizochujuka:
kadi ya Hospitali ya Bombo. Mwaka umefutika,
namba imebaki. Elfu kumi, na saba.
Isome polepole. Ukiiharakisha
inakuwa kumi na saba elfu,
na hiyo inagawanyika kama mkate wa kumimina.

Mbele, mwandiko wa karani.
Nyuma, mwandiko wake, penseli ya kuchongwa kwa wembe.

Alipima mkonge Pongwe miaka kumi na minane.
Marobota ishirini na manne, alisema, yanapangika:
manne kwa sita, matatu kwa manane.
Ondoa moja
na utabaki na foleni, basi,
foleni ndefu isiyokubali kuwa ukuta.

Pale benchini, akingoja kuitwa, aligawa.
Kwa mbili: haiwezekani, ni witiri.
Kwa tatu, baki mbili.
Kwa saba, baki nne.
Kwa kumi na moja, nane.
Kwa kumi na tatu, kumi,
na hapo nadhani waliita jina lake,
maana penseli inakatika,
na inaporudi imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.
Kumi na saba. Kumi na tisa. Ishirini na tatu.
Sabini na tatu nusura iingie: ilizidi sita tu.
Akaishia tisini na saba, baki kumi na sita,
kwa kuwa mia na moja mara mia na moja
ni kuvuka mpaka, hakuna tena cha kutafuta.

Mara ishirini na tano.
Chini, neno moja, limepigiwa mstari: *tasa*.

Barabara ya Kumi na Tisa mawifi walilitafuna neno hilo
pamoja na tambuu, wakitemea uani kwake.
Shuleni mwalimu wetu aliliandika ubaoni kwa chaki
na hakuna aliyeinamisha macho.

Nilikuwa darasa la tano. Nilimletea zoezi.
"Chukua namba yoyote," akasema, "ivunje.
Vunja na vipande vyake.
Mwisho utafika kwa zile zisizovunjika,
na zote nyingine zimetoka kwao."
Akakata uzi kwa meno.
"Sasa aliyeziita tasa
alikuwa anahesabu nini?"

Sikumjibu. Nilitaka alama zangu kumi.

Jana usiku, umeme umekatika, kwa tochi ya simu,
niliijaribu inayofuata. Elfu kumi, na nane:
ina nusu, ina theluthi, inakubali nane, inakubali tisa,
ina ukoo mzima.
Kisha ile ya pili yake. Elfu kumi, na tisa.
Niligawa mara ishirini na tano, kama yeye.
Haikukubali hata moja.

Sijui aliyeshika kadi hiyo alikuwa nani,
asubuhi ile, benchi lile lile,
mtu mmoja tu kati yao.