Kiwanja Kinachoteremka

Kiwanja chetu cha Cimpunda kilikuwa kimelala ubavu.
Goli moja juu, karibu na jiko la Mama Cibalonza,
la pili chini, ukingoni mwa korongo,
na mimi, Nabintu, dada mkubwa,
kazi yangu kusimama nyuma ya goli la chini,
nisubiri mpira ukimbilie bondeni, niufuate
migombani, kwenye maji machafu,
mara moja hadi katikati ya harusi.

Murhula alikuwa mdogo, miguu vijiti vya kukokea moto.
Hakupenda timu inayoanzia juu.
"Anayeshuka anasaidiwa na kilima," alisema.
"Siyo yeye aliyefunga."
Alitaka kupanda.
Na anayepanda hapigi mpira hewani:
mpira wa hewani kilima hukurudishia usoni.
Unaupitisha chini, mguu kwa mguu,
kama watu wanaopokezana ndoo nyumba ikiungua.

Halafu ule mwaka.
Sitauandika.
Alivuka Ruzizi na kandambili zangu miguuni.

Miaka ikaenda, wakampa taifa alifundishe,
taifa tambarare,
nchi ambayo, anasema, ukiweka chungwa chini
chungwa linakaa.
Jina lake walilikatakata, wakabakiza kipande cha kutosha kuitia.
Wimbo wao alijifunza akiosha vyombo hotelini,
beti mbili; wa tatu wao wenyewe hawaujui.
Wakishinda, gazeti liliandika: Kocha Wetu.
Wakitoka sare na timu ndogo,
gazeti lilikumbuka alikozaliwa,
likachapa na ramani kabisa, na mshale.

Jumamosi ile tulijaa kwa Baba Nshombo, mwenye jenereta,
faranga mia tano kwa kichwa, mtoto wa kupakatwa bure.
Nilikuwa nimetoka sokoni Kadutu,
harufu ya sambaza bado mikononi.
Dakika ya themanini na moja, bao moja kwa moja.
Vijana wake warefu wanapiga mpira mawinguni,
unarudi,
wanapiga,
unarudi.
Ndipo kamera ikamshika:
koti zito, mvi ambazo sikuzijua,
mikono inaisukuma hewa ardhini,
na mdomo...
sauti hatukuisikia, mtangazaji alikuwa analia kwa lugha yake,
lakini mdomo ule niliulisha uji mimi.
"Chini! Chini, tunapanda!"

Taifa zima halikuelewa.
Hata wachezaji, nadhani, waliisoma mikono tu,
wakatazama nyasi zao zilizonyooka kama meza
wakashangaa ni wapi huko kwa kupanda.
Mimi nilisimama, nikamwaga chai ya mtu.

Hawakufunga. Sitawadanganya.
Jenereta ilikohoa, ikazima dakika ya themanini na nane,
matokeo tukaletewa mlangoni na kijana wa kuuza yuniti:
wamepigwa mbili kwa moja.
Baba Nshombo hakurudisha hela ya mtu.

Jumatatu walimwachisha kazi.
Kwa heshima, anasema. Walimpa saa ya ukutani.

Alipiga simu usiku.
Hakutaja mechi, wala saa, wala gazeti.
Nyuma yake nilisikia bomba, maji yakianguka,
sahani ikigusana na sahani.
Alikaa hivyo muda mrefu, yuniti zikiliwa.
Kisha: "Yaya, kiwanja bado kinateremka?"

Mvua ya Aprili ililichukua goli la chini
pamoja na nyumba tisa, na watu ambao angewauliza.
Kilichobaki, mtu amekuja na kamba, amekipima,
ameacha vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu.
Ila kule juu, kwenye kipande kama mkeka wa wageni wanne,
bado watoto wanagombania kushuka.

"Kinateremka," nikamwambia.

Nikamsikia anafunga bomba.