Dakika Saba za Kiilu

Darasa liko ghorofa ya tatu,
Barabara ya Lusaka, juu ya duka la vipuri,
na ukuta wake wa kushoto umelala.
Kidogo tu. Upana wa kidole.
Wanafunzi hawauoni. Mimi nimekaa nao muhula mzima
kama mgeni aliyepewa kiti kibovu
akaona haya kusema.

Miaka kumi na tisa nilikula kwa mwiko,
na si ule wa ugali.
Kisha masomo ya jioni, daftari lenye vumbi la saruji,
mtihani niliourudia mara mbili,
hadi siku nilipopewa barua,
barua kamili, yenye muhuri na jina langu lote,
Ezra Shiundu Makokha,
mimi niliyezeekea kwenye kibarua.
Dada yangu aliisoma, akacheka:
"Umetoka kwenye chokaa, umeingia kwenye chaki."
Hata chaki hakuna. Kuna kalamu ya wino, nyepesi mno.
Vidole vyangu vimesomea tofali;
kisicho na uzito huvitoroka.

Somo: Usimamizi wa Viwanda.
Sura ya nne: Muda Uliopotea.
Kitabu kina jedwali safi. Safu ya kwanza, mfanyakazi.
Ya pili, kazi. Ya tatu, dakika alizosimama bure.
Nasoma kwa sauti yangu ya ualimu
na katikati ya sentensi Kiilu anaingia.

Hapiti mlangoni. Anaingia vile alivyosimama
asubuhi ile Upper Hill, ghorofa ya kumi na moja,
ndoo chini, mikono kiunoni,
akiutazama ubao wa jukwaa.
Haongei. Anaugusa kwa kidole cha mguu,
anainama, anaukuna kwa ukucha,
anautazama tena.
Chini winchi inangoja. Zege linaanza kushika.
Msimamizi ana saa mkononi, kalamu sikioni:
"Dakika saba, Kiilu. Nitazikata."

Akakata nusu siku,
maana kalamu yake haikujua kugawa vidogo.
Na ule ubao, tulipouteremsha,
tuliuvunja kwa goti. Ndani ulikuwa unga mtupu.

Anayeanguka huandikwa: hospitali, polisi, gazetini
kama kuna nafasi.
Asiyeanguka haandikwi popote.
Huenda zake Mukuru, huosha miguu,
huuliza jikoni kuna nini.

Chepng'eno, wa dawati la mbele, alinyoosha mkono.
"Mwalimu, hizo saba tuziweke safu gani?"

Sikuwa nimeandaa jibu.
Nikatoa timazi mfukoni (ndiyo, bado natembea nayo),
nikaitundika kwenye msumari wa kalenda.
Uzi ukayumba, ukayumba, ukatulia.
Ukuta ukabaki kando na aibu yake,
kidole kizima, sasa kila mtu akiiona.
Aliyekaa karibu nao akasogeza kiti.

"Chora safu ya nne," nikasema.
"Tuiite nini?"

Wamelipa karo, wana haki ya neno.
Nikaishika kalamu nigeukie ubao,
huu mweupe, usiobeba mtu;
ikanitoroka tena, ikaviringika
hadi chini ya madawati,
nami nikapiga magoti kuitafuta
kati ya viatu vyao,
na sikuharakisha kuinuka.