Niandikie na Saa

Nilikuwa karani wa dirisha la pili, Wete,
miaka kumi na tisa.
Wanangu wamesoma kwa muhuri ule; sikatai.

Asaa Faki alikuja mara ya kwanza na mama yake,
bibi wa Kiuyu, vidole vyeusi kwa kuchambua karafuu.
Cheti cha kuzaliwa hana.
Kazaliwa, alisema, mwaka karafuu zilipokosa majamvi,
siku mbili baada ya Maulidi.
Nikacheka. Sheha hakutambui, bibi. Rudi kesho.

Kijana akatoa daftari la skuli,
akauliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza bei ya pweza:
"Hilo rudi kesho, waweza kuniandikia?
Jina lako, tarehe.
Niandikie na saa."

Hakuna aliyepata kuniomba hivyo.
Neno la mdomo halina kivuli;
likiandikwa, husimama juani watu wakaliona.

Alirudi mara kumi na moja kwa ajili ya mama yake.
Kisha kwa ajili ya watu wa Tumbe, wa Kojani, wa Mtambwe,
wasio na kitambulisho, kwa hiyo wasio na kura,
wasio na mkopo, wasio na hata laini ya simu,
watu waliozaliwa, wakazaa, wakazika,
na kwenye daftari la serikali hawajafika bado.
Baskeli aliiegemeza ukutani kwetu.
Nyuma kafunga bati la biskuti, madaftari tele ndani.
Kila aliyekataliwa aliandikwa mara mbili:
moja langu, alisema, moja lako.

Mkuu wangu alimwita mchochezi.
Mimi nilimwita "yule".
Jina lake lilinishinda kulitamka, maana ni dua:
asaa mvua ikanya, asaa mgonjwa akapona.
Ningelitajaje, na huku namfungia dirisha?

Walimkuta alfajiri, njia ya Konde.
Sitaeleza alivyokuwa; mama yake angali hai.
Nitasema hili tu: baskeli ilikuwa wima,
imewekwa stendi, vizuri, kando ya barabara.
Nani aliisimamisha?
Mpelelezi mwenye nia swali hilo moja lingemtosha.
Bati la biskuti lilikuwa tupu.

Jalada lilikwenda Unguja, likarudi, likaenda tena.
Leo halipo.
Nami najua jalada linavyopotea:
kwa mkono, mchana kweupe, mtu anakunywa chai.

Khitma sikwenda. Nilisema mguu waniuma.
Haukuwa mguu.

Waliochukua madaftari hawakujua ya "moja lako".
Yalikuwemo kwenye mitungi ya mchele, ndani ya magodoro,
moja, nasikia, lilifungwa kangani likalala na mtoto mchanga.

Mwaka huu kitambulisho changu kimekwisha muda.
Nikaenda. Dirisha lile lile, sasa lina kioo na kompyuta.
Kijana hakuinua macho.
"Mfumo hausomi. Rudi kesho, mzee."
Nikageuka. Nalijua neno hilo, nimelila miaka.

Msichana nyuma yangu, ushungi mweupe wa skuli,
akanishika kiko cha mkono:
"Babu, usiondoke. Mwambie akuandikie."
Nani kakufundisha?
"Bibi."
Na bibi yako?
"Sijui. Kwetu Kiuyu ndivyo wanavyosema."
Benchi zima likaitikia kwa kichwa,
wanawake wawili wakakohoa, kila mmoja na kalamu yake.
Asaa ni nani, hamjui.
Sikumwambia. Niliona haya.

Nikainamia tundu la kioo.
Niandikie, nikasema. Jina lako. Tarehe.
Kijana akaniangalia
kama nilivyomwangalia yule.

Na saa, nikasema.
Na saa.
Masikio yangu ya kizee yakalisikia vingine,
nami sikuyasahihisha.