Karatasi ya Sabini na Moja

Karani anaikunjua kwa mikono miwili
kama anayemtandikia mgonjwa shuka,
anaibana pembe kwa stepla, kikokotoo, kikombe cha chai.
"Mwakirunge," anasema, "mwaka hamsini na saba.
Msiishike na jasho."

Shangazi Nyevu hajui kusoma
lakini bonde analijua kwa nyayo.
Kidole chake kinaelea juu ya karatasi, hakigusi,
kinashuka na mto Kombeni, buluu iliyochujuka,
kinapita kivukoni, nyumba mbili, nukta mbili nyeusi,
mikorosho iliyochorwa kama vipele vya kijani,
kinasimama.
"Hapa."

Karani anachungulia kwa lenzi.
"Hapa hapana kitu, mama."
Kweli. Peupe, ukubwa wa ukucha.
Hapana kisima, hapana ua, hapana njia,
na barua ya kampuni ya kokoto imesema vivyo hivyo:
ardhi tupu, haijapata kukaliwa.

Shangazi anacheka, cheko kavu la kukohoa.
Basi sikia, ananiambia mimi, si karani.
Babu yako Mwangome ndiye aliyemshikia Mzungu mnyororo,
pingili mia, siku kumi na tisa,
senti hamsini kwa siku na kopo la samli.
Kila jabali alimtajia. Kila kijito.
Walipoikaribia chemchemi yetu akamzungusha kwa juu:
kule kuna nyuki, bwana, kuna upupu,
kuna kaburi la mwenye ndui.
Mzungu akafuta jasho, akapita.
Usiku ule babu yako akala kwa furaha.
"Serikali ikiyajua maji," alisema,
"itakuja na ndoo kubwa kuliko mto."

Akatuficha vizuri.
Akatuficha hata hatuonekani.

Karani ameshaanza kuikunja.
Ngoja, nasema.
Mistari ya mwinuko, ile ya rangi ya udongo,
myembamba kama unywele,
inateremka sawasawa kutoka kilimani,
futi mia mbili, mia na hamsini, mia,
na ikifika kwenye lile peupe
inajipinda, mmoja baada ya mwingine,
inarudi nyuma kidogo
kama ng'ombe wanaoshusha shingo.
Hakuna aliyeiambia ijipinde pale.

"Na hii je?"
Karani anavua miwani, anaifuta kwa pindo la shati,
anaivaa tena.
"Hapo," anasema polepole,
"lazima maji yalipita."

"Yanapita," Shangazi anamsahihisha.