Feni Makete

"Feni?" akauliza Mama Ezelina Tweve,
mikono ndani ya khanga, khanga ndani ya koti,
koti ndani ya blanketi la marehemu.
"Mwezi wa saba, Makete, unaniletea feni?
Feni ni ya watu wa Dar,
wanaolala madirisha wazi na bado wanalalamika.
Huku maji ya kuku yameganda kwenye sufuria,
na wewe umepanda mlima na feni."

Sikumjibu. Nilikuwa na bisibisi mdomoni.

Nje, chini ya upenu, pampu ilishakaa:
sanduku jeupe la bati
linalovuta hewa iliyoshuka Kitulo usiku kucha
na kuikamua, kama ng'ombe mkondefu wa kiangazi,
kikombe kimoja tu, lakini maziwa ni maziwa.
"Hata kwenye baridi limo joto," nilimweleza.
"Limetawanyika. Hii inaliokota."
Akanitazama vile anavyotazamwa
muuza dawa za meno stendi ya Njombe.

Maji yakazunguka, mabomba yakaguna.
Akaweka kiganja juu ya chuma, akangoja,
akaweka na shavu.
"Vuguvugu.
Kijana wa Sanga, haya ni maji ya kuogeshea mtoto.
Moto ni kitu cha kukurudisha mkono."

Nikasema ndiyo, mama, ni vuguvugu, ndivyo lilivyo.
Jiko hupiga kelele, hiki kinanong'ona,
na mnong'ono usipobebwa hufia ukutani.
Ndiyo kazi ya feni:
inauchukua, inaupeleka kwenye kona,
chini ya kitanda, kwenye viatu,
mpaka kule nyuma ya kabati ambako baridi imepanga chumba
na hailipi kodi.

Hakucheka.

Nilipopanda ngazi kupitisha waya chumbani
niliona juu ya kitanda, kwenye dari,
duara jeusi, upana wa karai.
Sakafuni, chini yake, saruji imechanika
nyufa nyembamba, kama kisigino.
Fundi huuliza. Nikauliza: hapa palikuwa na nini?

"Jiko," akasema.
"Baridi ya mwaka ule haikuwa ya watu.
Tulifunga mlango, tukaziba dirisha kwa magunia ya viazi.
Mimi niliamka nikatambaa kwenda kutapika.
Mzee hakuamka."
Kisha, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya debe:
"Ulikuwa mkaa mzuri sana ule. Wa mwati.
Haukutoa hata moshi."

Nikashuka. Nikabonyeza.
Feni ikaanza, polepole,
sauti ya mtu anayepuliza chai kwenye kisosi.

Saa nzima hakikutokea kitu.
Nilikula kiazi, nikala cha pili.
Yeye alisimama mbele ya mita ya luku
akizihesabu yuniti kama anahesabu watoto wa shule
wanaovuka mto.
Akasema Obedi, mwanawe, ndiye aliyelipa yote haya,
kwamba huko aliko theluji hufika kiunoni
na watu hukaa ndani wamevaa fulana.
Akasema malori ya viazi yamechelewa.
Akasema mbwa wa jirani ni mwizi.
Na katikati ya huyo mbwa
blanketi lilishuka mabegani, likaanguka,
naye hakuliokota, hakujua,
akaendelea kumshitaki mbwa
huku vidole vikifungua kifungo cha koti,
kimoja,
kisha cha pili.

Paka alikuwa ameshahama jikoni.

Saa mbili usiku nikafunga sanduku langu.
"Nikilala, nacho kinalala?"
"Hakilali, mama."
"Kinakula hewa ya humu ndani?"
"Hakigusi. Kinakula umeme tu."
"Kwa hiyo mlango nifunge."
"Funga. Funga na dirisha, joto lisitoroke."

Akaenda dirishani. Nilimsikia akisukuma komeo,
akilirudisha, akilisukuma tena.
"Hili nitaliacha wazi," akasema. "Upana wa kidole."

Hesabu zote nilikuwa nazo kichwani:
upana wa kidole, usiku mmoja, yuniti ngapi.
Nikaokota spana iliyobaki,
nikamwambia kidole si kitu, mama,
feni itaongeza mwendo kidogo.