Urefu wa Mpini

Zoezi la muhula: chora upya chukudu.
Mwalimu Muhindo aliliandika ubaoni kwa chaki ya njano,
akatugawia kompyuta nne, sisi tuko kumi na tisa,
na mtambo mpya unaogeuza maneno kuwa picha.
"Anzeni na mtumiaji," alisema. "Kitu hakina umbo
mpaka ujue kitashikwa na nani."

Nikaandika kwa Kiswahili, polepole:
mtu anasukuma chukudu yenye magunia matatu ya makaa,
anapanda kutoka Birere, amechoka.

Nilikuwa namwona Mama.

Zikatoka picha nne. Wanaume wanne.
Mikono ya mishipa, vifua wazi, taya za kuvunjia kokoto.
Mmoja alivaa saa ya dhahabu.
Nikafuta, nikaandika tena. Wanne wengine.
Byamungu kando yangu akihesabu kwa sauti
kama mtangazaji wa mpira: ishirini na nane kwa bila.

Nikairudia sentensi yangu nikitafuta kosa.
Anasukuma. Anapanda. Amechoka.
Ile a- ndogo inayotangulia
haina ndevu, haina kilemba.
Mababu na mabibi waliiacha hivyo,
kizingiti kisicho na mlango, apite atakayepita.
Mtambo ulipofika pale ukatia mlango,
ukatia na kufuli.

Nikaandika: mwanamke.
Basi akaja, kucha nyekundu, meno meupe,
kitenge kisichojua vumbi jeusi la mji huu.
Alisimama kando ya chukudu kama anayeiuza.
Mikono yake haikugusa kitu.

"Lakini mashini haijadanganya sana, Kanyere,"
alisema Mwalimu. "Toka hapo barabarani.
Nani alisha ona mwanamuke kwenye chukudu?"
Darasa likacheka. Nami nikacheka kidogo,
kwa sababu ni kweli, na kweli ina uzito wake.
Kweli wanaume ndio wanaoendesha.
Kweli wanawake hubeba mgongoni,
kamba imepita kwenye paji la uso.
Mama ana mfereji pale juu ya nyusi,
kidole changu hulala ndani yake.
Nilipokuwa mdogo nilidhani kila mama huzaliwa nao.

Umeme ukakatika kabla sijajibu.

Jioni niliazima utepe kwa jirani mshonaji,
nikampima Mama uani, miguu peku
juu ya jiwe lililotiririka kabla sijazaliwa.
Kisigino mpaka kiwiko: tisini na nne.
"Unanishonea nini?"
Mpini, nikasema.
Akanyamaza. Jirani akasonga ugali wake.
"Basi punguza mbili," akasema Mama.
"Nikiwa na mzigo nafupika."

Nimechora kwa penseli, kwenye karatasi ya mraba.
Pale panapoandikwa mtumiaji
sikubandika picha ya mtu yeyote.
Nimeandika 92.

Fundi Kakule, mwenye mikaratusi yake na tairi kuukuu,
aliutazama mchoro, akautazama tena.
"Mpini huu mfupi. Umekosea kipimo."
Nikamwomba auchonge hivyo hivyo.
Siku ya tatu nikamwambia: shika.
Akashika. Mgongo ukamlazimu kuinama,
mwanaume mrefu, miaka thelathini katika kazi hii,
na hakusema neno,
alikuwa anasikiliza kiuno chake.

Alama za zoezi bado hazijatoka.
Mbao ilikuwa mbichi, ikakauka vibaya,
sasa mpini umepinda upande wa kushoto.
Mama amepita nao mara mbili mpaka kisimani,
madumu manne, paji la uso likiwa tupu.
Nikamwambia nitaunyoosha.
Akasema niuache,
yeye pia amepinda kushoto.